Kisanduku cha Kunyamaza

Nyumba yenye mtu anayelala mchana huendeshwa kwa ncha za vidole vya miguu. Sufuria hubebwa kama mayai, mlango hufungwa kwa kubembelezwa, na mwenye kikohozi hutoka nacho nje. Ndivyo ilivyokuwa nyumba ya Karani tangu mkewe, Nesi, apangiwe zamu ya usiku katika wodi ya wazazi. Alirudi saa mbili asubuhi miguu imevimba, akala akiwa amesimama, kisha akaanguka kitandani mpaka saa nane mchana. Na katika nyumba hiyo hiyo, chumba cha kupakana na chake, ndimo mama mkwe alimohamia na gitaa la umeme.

Huyo mama mkwe aliitwa Mama Pasi, maana miaka thelathini na moja alikuwa amepiga pasi shuka za hoteli, mpaka hoteli iliponunua mashine inayomeza shuka upande huu na kuitema upande wa pili ikiwa imekunjwa. Wapiga pasi walipewa bahasha, soda na mkono wa kwaheri. Mama Pasi aliinywa soda yake mpaka mrija ukakoroma, akaitazama ile mashine, akaiambia, "Na wewe watakuchoka."

Mwanawe alimpokea vizuri, hilo tusimnyime. "Mama, sasa ni wakati wako wa kupumzika," alisema, na mapumziko yakaanza kesho yake saa kumi na moja alfajiri: kuchemsha maji, kufua, kufagia, kupika, kumngojea fundi bomba, kukaa na funguo. Kufikia wiki ya tatu Mama Pasi aligundua kwamba hakuwahi kuchoka hivyo alipokuwa na kazi.

Ndiyo maana alipokutana na Kapteni dukani alisimama wima kama mwanajeshi. Kapteni alikuwa na bendi ya kupiga kwenye harusi na mahafali, na mpiga gitaa wake wa ridhimu alikuwa ameenda kujaribu kuendesha lori, akaonja mshahara, hakurudi.

"Si wewe uliyekuwa ukitupigia gitaa kule hotelini, sherehe za wafanyakazi?" Kapteni alimuuliza.

"Ndiye mimi."

"Vidole bado vipo?"

"Vyote kumi. Hesabu."

"Basi njoo Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, ukumbini kwetu. Nyimbo sita. Kuna vijana wawili nao wanaitaka hiyo nafasi. Ukikosea tutacheka, bi mkubwa, nakwambia mapema."

"Cheka sasa hivi," Mama Pasi alimjibu. "Siku hiyo hutapata nafasi."

Posho ilikuwepo, kila wikendi. Lakini si posho iliyomfanya arudi nyumbani amesahau chumvi aliyotumwa. Mtu mwenye mahali pa kwenda haulizwi funguo ziko wapi. Hicho ndicho alichokitaka, na alikuwa na siku kumi na moja za kukipata.

Kesho yake, Nesi akiwa usingizini, alichomeka gitaa kwenye spika yake ya zamani, akapiga kamba moja. Moja tu. Mlango wa chumba cha pili ukafunguka.

"Mama," Nesi alisema, macho mekundu, shuka imemzunguka. "Usiku huu nimezalisha watoto wanne. Hakuna hata mmoja aliyelia kama hicho kitu."

Jioni Karani alitoa hukumu mezani. Alifanya kazi ofisi ya maji, na alipenda kuongea kama barua zake. "Kuanzia leo, spika ni marufuku saa za usingizi. Na saa nyingine, kwa heshima ya majirani, vilevile."

"Kwa hiyo saa gani inaruhusiwa, baba?"

Karani alifikiri. "Tutakujulisha."

Ofisi ikisema itakujulisha, mwenye akili haketi kwenye benchi. Asubuhi iliyofuata Mama Pasi alikuwa mbele ya kibanda cha fundi redio.

*

Fundi redio alitoa kitu cheusi chini ya meza, kikubwa kama kitabu cha hesabu, chenye vitufe viwili vya kukanyaga, vifundo vya kuzungusha, na kidirisha chenye namba nyekundu.

"Hiki nacho nini? Mzani?"

"Pedali, mama. Imeshatumika, lakini nzima. Humu ndani mna spika kumi na tisa."

"Zimeingiaje?"

"Zinaigizwa. Ukitaka mlio wa spika ya ukumbini, unao. Mkwaruzo upo, mwangwi upo, cha kulinganishia nyuzi kipo, hata dramu ya kukuhesabia ipo. Kuna watu wananunua kitu kama hiki kwa bei ya ng'ombe. Hiki ni cha makabwela, lakini kazi ni ile ile."

"Na kunyamaza kupo?"

"Ukichomeka hedifoni hapa ubavuni, hata mtu aliyekukalia mapajani hasikii kitu."

"Wa kunikalia mapajani alishatangulia," Mama Pasi alisema. "Mimi nataka wa chumba cha pili asisikie."

Alikinunua kwa bei ya jozi ya viatu, akajiambia kwamba viatu alivyonavyo bado vina urafiki na miguu yake. Fundi alimwongezea hedifoni kubwa za kufunika sikio zima, na akamwonesha adapta ya ukutani. "Umeme ukikosekana, kinakula betri nne. Zile ndogo, za rimoti."

Siku ile ile, saa tatu asubuhi, alijifungia chumbani, akaketi kitandani, kisanduku kikiwa sakafuni. Akavaa hedifoni. Dunia ikafungwa kama jokofu. Ukimya, kisha dramu ikamhesabia nne, kisha gitaa lake likamjia katikati ya kichwa, kubwa, safi, kama anapiga ndani ya tanki. Mama Pasi alitazama ukuta wa Nesi. Ukuta ulitulia. Akaanza wimbo wa kwanza wa Kapteni, na meno yote yaliyobaki yakawa nje.

Alikipenda kupita kiasi ile sauti namba saba, iliyokuwa na mwangwi wa ukumbi mkubwa. Akipiga mara moja inamrudia mara tatu, imevaa suti. Siku mbili alijiona bingwa. Siku ya tatu akashtuka. Mpiga pasi anaijua hila hiyo: shuka iliyojaa wanga husimama yenyewe hata kama pasi haikupita, lakini ikilowa mara moja tu, mikunjo yote hadharani. Akazungusha kifundo, akaukata mwangwi wote. Makosa yakatoka kama mende taa ikiwashwa, naye akaanza kuyaponda, moja moja.

Alikuwa katikati ya kuyaponda alipoguswa bega.

"Mama," Nesi alisema, "nakuomba usiimbe."

Mama Pasi alivua hedifoni. "Nani anaimba?"

"Wewe."

"Mimi? Mwanangu, mimi siimbi. Nikiwa msichana niliingia kwaya, wakanisikiliza mara moja, wakanipa kazi ya kubeba vitabu. Tangu hapo hata kanisani natikisa midomo tu."

"Mama, ulikuwa unauliza nani kafunga mlango. Kwa sauti ya kuita gari."

"Huo ni wimbo wa Kapteni. Nilikuwa naupiga. Kwa vidole."

Nesi alimtazama, akatazama kisanduku, akasema, "Haya," kama manesi wanavyomwambia mgonjwa anayebisha kwamba hana homa.

Mlango ulipofungwa, Mama Pasi alitikisa kichwa. Walianza na spika, sasa wamehamia kinywani. Kesho watasema anavuta pumzi kwa kishindo. Akavaa hedifoni zake, akaongeza sauti kidogo.

*

Mambo yaliendelea hivyo siku nne. Nesi akigonga, Mama Pasi akikana, na kila mmoja akiapa kwa dhati. Jumanne jioni Karani aliitisha kikao sebuleni, akaweka kalamu na karatasi mezani.

"Mama, tunakupenda."

"Ooh," Mama Pasi alisema. "Nimekufa au nauzwa?"

"Kuna maswali machache tu. Ya kawaida. Umri ukienda, mtu anaweza kufanya jambo asijue kwamba amelifanya." Akamsukumia mkewe karatasi. Nesi hakuinua macho. Maswali aliyajua, aliwauliza wazee wa watu kila wiki, lakini hakuwahi kumuuliza aliyempikia chakula cha mchana.

"Mama, leo ni siku gani?"

"Jumanne. Siku ya kufua shuka zenu."

"Rais ni nani?"

"Kwani mmembadilisha tena bila kuniambia?"

"Mama, tafadhali," Karani alisema.

"Toa saba kwenye mia," Nesi alisoma, "halafu uendelee kutoa saba."

Mtu aliyehesabu shuka miaka thelathini na moja haulizwi hesabu ya kutoa. Mama Pasi alikunja mikono. "Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa. Sabini na mbili. Sitini na tano..." Karani alikuwa bado anahakiki themanini na sita kwenye vidole vyake. Mama Pasi alishuka ngazi zote mpaka mbili, akasimama. "Niingie chini ya sifuri au panatosha?"

Ilikuwa kichekesho, lakini yeye hakikumchekesha. Huyu mwanawe aliyeshika kalamu, yeye ndiye aliyemfundisha kuhesabu, kwa vibanio vya nguo.

"Akili iko," Nesi alisema polepole. "Lakini anaimba, na hajui. Hilo ndilo linaloniogopesha."

"Siimbi! Muulizeni jirani. Ukuta wa pili ni wa Mwalimu. Kama naimba, si angesikia?"

Mwalimu aliitwa. Alikuwa mstaafu, mjane, mtu wa kola iliyofungwa mpaka kifungo cha mwisho, na katika safu ile ya nyumba neno lake lilikuwa muhuri. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, akasikiliza shauri lote, akatazama dari.

"Kuimba?" alisema. "Hapana. Sijasikia kitu."

Mama Pasi alipiga paja. "Mnaona!"

Ushindi ule ulikuwa mtamu kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Mwalimu alipoondoka, Karani hakumgeukia mama tena. Alimgeukia mkewe.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi nini?"

"Mama haimbi, jirani hajasikia, wewe unasikia. Miezi minane ya zamu ya usiku. Umechoka, mke wangu, unasikia sauti." Sauti yake ilikuwa ya huruma, na huruma hiyo ilikata kuliko tusi. "Nitamwandikia matroni. Wakupumzishe kwa muda."

"Ukiandika hivyo hawanipumzishi. Wananitoa. Nani atamwachia mtoto mchanga nesi anayesikia sauti?"

"Nitaandika kwa lugha nzuri."

Nesi aliinuka kwenda kazini bila kumalizia chai. Karani naye alichomoa adapta ya kisanduku, akaiviringisha waya, akaitia mfukoni. "Hii nitakaa nayo mwenyewe mpaka ukweli ujulikane. Sipendelei upande wowote."

"Jumamosi nina shughuli," Mama Pasi alisema.

"Jumamosi tutaona."

*

Mtu akikunyima adapta amekunyima ukuta, hajakunyima betri. Jumatano asubuhi Karani alipopinda kona, Mama Pasi alizitoa mbili kwenye rimoti ya runinga, moja kwenye saa ya sebuleni, na moja kwenye kile kipimo cha joto cha Nesi ambacho siku hizi hakikumpima mtu. Saa ilikufa saa mbili na dakika ishirini. Aliuomba radhi ukuta, akaingia chumbani.

Betri hizo zilikuwa zimeshaishi maisha yao. Kidirisha kiliwaka kwa kujikongoja, lakini kiliwaka. Aliruka nyimbo tano anazozijua, akaenda moja kwa moja kwenye ule wa sita, wenye mgeuko mgumu wa vidole katikati. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili alipita kwa kuchechemea. Mara ya tatu vidole vikakaa vyenyewe, dramu ikimsukuma, naye akafumba macho, na hapo hapo, bila hodi, namba nyekundu ikazimika na gitaa likakatika kichwani mwake kama uzi.

Lakini wimbo haukukatika.

"...nani kafunga mlangoooo?"

Sauti ilikuwa nene, ya kifuani, yenye mkwaruzo kidogo kwenye kingo, na ilikuwa inatoka kwenye mdomo wake mwenyewe, ulio wazi, kama mdomo wa mtu anayeonyesha jino kwa daktari. Mama Pasi alibaki hivyo hivyo, mkono hewani. Kisha, kutoka ng'ambo ya ukuta wa pili, kola ikiwa imefungwa mpaka kifungo cha mwisho bila shaka, sauti ya kiume ikaitikia mahali pake hasa:

"Fungua, ni mimi mwenyeweee!"

Alivua hedifoni, akatoka mlango wa nyuma, akaukuta wa Mwalimu haukufungwa.

"Mwalimu!"

Mwalimu aliruka kitini, kijiko mkononi kama fimbo ya kuongozea kwaya.

"Tangu lini?" Mama Pasi aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza, dada."

"Na jana ukasema hujasikia kitu. Umekaa kwenye kiti cha watu, umekula biskuti yao, ukasema hujasikia!"

"Ningesema nimesikia, wangekunyamazisha." Alikitazama kijiko. "Nyumba hii ina miaka sita haijaimba. Nikajiambia, nikidanganya neno moja tu..."

"Neno moja lako linamtoa mtoto wa watu kazini, Mwalimu. Shuka ukiichoma kidogo tu imeungua."

Alirudi. Sebuleni, juu ya meza, chini ya kopo la sukari, ilikuwepo barua ya Karani kwa matroni, imepigwa mistari, mwandiko wa ofisini. Mama Pasi aliisoma kwa kidole. *Mke wangu amekuwa akisikia sauti zisizokuwepo.* Karani alikusudia kuipeleka kesho.

Sasa hapo alikaa, na tusimpambe: alikaa muda mrefu. Akifunga mdomo wake, jirani ni shahidi, adapta inarudi, Jumamosi ni yake. Akisema, yeye ndiye mzee anayeimba asijue, na daktari anangoja. Alitazama saa kuona iwapo muda unakwenda, akakumbuka kwamba saa ameiua mwenyewe.

Akagonga mlango wa Nesi. Alikuwa macho, anatazama dari.

"Nimesikia leo pia," Nesi alisema kabla hajaulizwa. "Leo nimesikia na mwanamume. Mama, labda kweli naumwa."

"Huumwi. Mwanamume ni Mwalimu. Mwanamke ni mimi."

Nesi aliketi.

"Zimeisha betri nikajisikia," Mama Pasi alisema. "Nilikuapia mara nne, na mara zote nne nilikuwa nakuonea. Nimekuibia usingizi, mwanangu, na hilo nakuomba radhi mpaka chini. Lakini gitaa siliombei radhi."

Nesi alijifunika uso. Mabega yakatikisika, na Mama Pasi akadhani analia, kumbe kicheko kilikuwa kimetangulia mbele na machozi yanakifuata. "Mama, una sauti kama ya honi ya treni."

"Ndivyo walivyosema kwaya."

*

Jioni Karani alisikiliza habari nzima akiwa ameshika rimoti isiyofanya kazi. Kisha akasafisha koo.

"Basi nashukuru kwa ukweli. Lakini tatizo limebaki pale pale. Mtu anapaza sauti na hajui kwamba anapaza. Hilo si la kawaida. Jumamosi saa nne tunakwenda kwa daktari, mama, na gitaa litapumzika."

"Jumamosi saa nne nina shughuli."

"Mama, usinilazimishe..."

Nesi aliinuka. Alichomoa adapta kwenye mfuko wa koti la mumewe lililotundikwa mlangoni, akakileta kisanduku, akakiwasha, akaanzisha dramu, akamvisha Karani hedifoni kichwani kabla hajapanga pingamizi.

"Unatusikia?" akamuuliza.

"NINI?"

"Nasema, sauti yako iko sawa?"

Karani alisoma midomo, akatabasamu kwa subira ya kiofisi. "SAUTI YANGU NI YA KAWAIDA KABISA! MBONA MNANIANGALIA HIVYO? MIMI SINA TATIZO LOLOTE!"

Ukuta ukagongwa mara tatu. "Karani!" ilikuwa sauti ya Mwalimu. "Watu wanapumzika huku!"

Nesi alimvua hedifoni taratibu. "Mwenye hedifoni hajisikii. Si uzee. Ni masikio yameshughulishwa. Na muuguzi wa nyumba hii ni mimi, si ofisi ya maji." Akaivuta barua chini ya kopo la sukari, akaichana mara mbili, akampa vipande vyote vinne, maana alijua mumewe anapenda kuweka kumbukumbu.

"Sasa usingizi wako?" Karani aliuliza kwa sauti ndogo, ya kawaida kweli safari hii.

Mama Pasi alikuwa ameshafikiri. Alitoka uani, akarudi na kibanio cha nguo, cha mbao, akakiweka katikati ya meno. Wapiga pasi wote hushika vibanio kwa meno, na hakuna aliyewahi kuimba navyo. Alhamisi na Ijumaa alifanya mazoezi kwa muda wa saa sita kila siku, kibanio mdomoni kama mbwa na mfupa wake, na Nesi alilala mpaka alama za mto zikamchora shavuni. Upande wa pili Mwalimu alikaa na kijiko chake, akingoja, akakosa.

*

Jumamosi saa mbili Nesi alirudi kutoka zamu, lakini hakwenda kitandani. Alimkuta mama mkwe mlangoni na gitaa mgongoni, kisanduku kwenye mfuko wa sokoni. "Nakuja," alisema. "Nataka kuona kilichoniharibia usingizi kinafanana na nini."

Ukumbi wa Kapteni ulikuwa ghala la vipuri wakati fulani, na harufu ya grisi haikuwahi kuhama. Vijana wawili walitangulia. Wote walijaa mwangwi. Gitaa lao lilisikika kama linapigwa bafuni mwa tajiri. "Kateni hiyo kitu, nisikie vidole," Kapteni aliwaambia, na mwangwi ulipokatwa, mikunjo yote ikatoka. Wa pili aliona haya, akajifanya kamba imelegea.

"Haya, bi mkubwa. Na hicho nacho mdomoni?"

Mama Pasi alikuwa amekiweka kibanio chake bila kufikiri, kwa mazoea. Wanabendi wakacheka, mpiga besi akajishika mbavu. Hakukitoa. Alichomeka kisanduku kwenye spika yao kubwa, bila mwangwi, bila mkwaruzo, kavu kama shuka iliyotoka juani, akawapa ishara kwa nyusi.

Wimbo wa kwanza waliumaliza wakiwa bado na tabasamu. Wa pili tabasamu lilipungua. Wa tatu mpiga dramu aliacha kumtazama Kapteni, akamtazama yeye. Wa nne na wa tano hakuna aliyecheka. Walikuwa na kazi.

Wa sita ulikuwa ule. Kapteni mwenyewe ndiye mwimbaji, akafungua, "Nani kafunga mlango," kwa sauti ya mtu aliyeimba harusi nyingi na kulipwa chache. Mgeuko mgumu ukaja. Vidole vikakaa. Na Mama Pasi, akiwa amefumba macho, akafungua meno. Kibanio kikaanguka sakafuni, na ile honi ya treni ikatoka, ikajaa ghala zima, ikamfunika Kapteni kama blanketi linavyofunika mto.

Kapteni aliinua mkono. Bendi ikanyamaza.

"Mama, tuelewane. Gitaa, umepita. Tena umepita vizuri. Lakini nafasi ni ya gitaa. Hapa anayeimba ni mimi." Akakionyesha kwa kidole. "Ukirudisha kibanio chako, Jumatano mazoezi saa nane, na posho ni yako."

Ndicho alichokitaka, na kilikuwa kimelala pale miguuni pake. Ilikuwa ni kuinama tu.

Mama Pasi akainama. Akakiokota kibanio, akakifuta kwa sketi, akamsogelea Kapteni, akakibana kwenye kola ya shati lake, taratibu, kama anayemalizia shati la mteja.

"Nilinyamaza kwa ajili ya mkwe wangu," alisema, "kwa sababu alikuwa amelala. Wewe umelala?"

Mpiga besi alitoa mlio kama mtu aliyepaliwa. Kapteni alikitazama kibanio, akawatazama watu wake, na katika watu wake hakuna aliyemrudishia macho. Mpiga dramu, bila kuambiwa na mtu, alikuwa amekwisha inua vijiti. Akahesabu nne.

"Nani kafunga mlangoooo?" Mama Pasi aliuliza.

 Kisha Kapteni, kibanio kikiwa kolani, akaitikia:

"Fungua, ni mimi mwenyewe!"

Na chini ya ile spika kubwa iliyokuwa ikitikisa vumbi kutoka kwenye dari, juu ya viti vitatu vilivyounganishwa, Nesi alikuwa amelala fofofo na sare yake ya kazi, viatu vimevuliwa, mdomo wazi. Hakugeuka hata upande.